Panga Katika Mikorosho ya Babu

Msikilizaji, msimamishe mkulima yeyote wa Newala barabarani, umuulize ana msitu wa ekari ngapi. Atakushangaa. Misitu, kwa ajuavyo yeye, ni ya serikali; iko kwenye makorongo ya kuteremkia Ruvuma, au iko mbali huko Liwale. Yeye ana shamba. Basi geuza swali, muulize ana mikorosho mingapi. Hapo utapewa hesabu bila kusitasita: hii ya kurithi, hii aliyopanda mwenyewe mwaka aliooa, ile iliyo rehani kwa jirani, na ile ya mbali iliyokwisha kumezwa na pori. Nyuma ya mikorosho kuna kichaka ambacho hakijaguswa kwa miaka. Mpakani umesimama mwembe, na uani kuna mijohoro. Akija ofisa misitu na daftari lake, ataandika kwamba sehemu kubwa ya ekari tano za bwana huyu imefunikwa na miti.

Kwa hiyo msitu anao. Ila anauhudumia kama shamba la mahindi: anapalilia, anapuliza dawa, anavuna, anasubiri mwaka mwingine. Kazi iliyo kubwa kuliko zote katika msitu, yaani kuamua mti upi uondoke ili upi unenepe, inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Mazungumzo haya yanaihusu kazi hiyo, na hayajifichi yanasimama upande gani: kwa mwenye mikorosho mikuukuu katika Uwanda wa Makonde, panga lililotumiwa kwa akili lina faida ya haraka kuliko mche mpya.

Tuiweke ramani sawa kwanza. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kwenye tambarare yenye milima ya mawe iliyochomoza kila mmoja peke yake, Mkomaindo na Mtandi ikiwa miongoni mwake. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda, takriban mita 700 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, unalitazama chini bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Udongo wa juu kule ni wa kichanga, unaomeza mvua yote na kuipeleka chini kabisa. Mvua yenyewe ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 Mradi wa Maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha kileleni, na ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina kisima cha kukingia maji ya mvua yatokayo paani. Mahali ambapo ndoo ya maji ina bei, hakuna atakayemwagilia kitalu kikubwa cha miche kwa moyo mkunjufu. Mti uliokwisha kushika, wenye mizizi iliyozama chini kuyatafuta maji yenyewe, ni mali isiyopatikana tena kirahisi.

Wazee waliijua siri hii. Mtafiti wa mila wa Kijerumani, Karl Weule, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, alieleza katika kitabu chake vichaka vilivyosongamana vya uwanda huu. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1945, Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyegeuka kuwa mwanajiografia, alichapisha makala nzima katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu namna Wamakonde walivyolima kwa kuvizungusha vichaka vyao. Utaratibu haukuwa mgumu kuuelewa. Kichaka kilifyekwa, kikakaushwa, kikachomwa, majivu yakawa mbolea. Watu wakalima kwa miaka michache, udongo ukichoka wakahamia kichaka kingine. Visiki vilibaki hai ardhini. Havikuhitaji mche wala mbegu. Mvua ikinyesha vilichipua, na baada ya miaka kadhaa kichaka kilikuwa kimerudi mahali pake, tayari kufyekwa tena na watoto wa waliokifyeka.

Hiyo ilikuwa misitu midogo iliyokatwa kwa zamu. Wakulima wa Uingereza na Ufaransa nao walifanya hivyo kwa karne nyingi, wakikata kipande kimoja kwa ajili ya kuni na fito, wakiacha vingine vikue. Ajabu ni kwamba walipokuja Waingereza wenyewe kusini mwa Tanganyika, hawakukiona kichaka kwa jicho la babu zao. Mwaka 1947 ulianza ule mradi maarufu wa karanga, na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi, ikawa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa kung'oa miti hadi mizizi. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na karanga hazikuonekana. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Mkulima wa jembe la mkono aliyekuwa akiacha visiki ardhini hakuombwa ushauri.

Lakini kilichokuja kukibadili kichaka cha Makonde hakikuwa trekta. Kilikuwa mkorosho.

Mkorosho ni mgeni wa Brazili aliyeletwa na Wareno pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na mabibo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ulianza kupandwa kwa wingi kusini, na ulipopandwa kwenye shamba jipya, shamba hilo halikurudi tena kuwa kichaka. Hapo zamu ilikatika. Mti wa kudumu ulikaa mahali pa pumziko la ardhi, na pia ukabadilisha umiliki: palipokuwa pori la ukoo, chini ya mkubwa wa ukoo, pakawa pa aliyepanda. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii ya kusini.

Kisha mambo yakaharibika, na namna yalivyoharibika inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna somo la msitu. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu waliokuwa wakiishi katikati ya mikorosho yao na kuwaweka pamoja kando ya barabara. Shamba lililokuwa mlangoni likawa la mwendo wa saa nzima. Nani atakwenda huko kila wiki kufyeka? Nyasi zikapanda, miche ya kujiotea ikajaa chini ya miti mikubwa, matawi yakashikana, na moto wa kiangazi ukapata njia. Bei nazo hazikumtia mtu moyo. Mwaka 1979 ikaripotiwa nchini ubwiriunga, ile kuvu inayopaka vumbi jeupe kwenye maua na majani machanga na kuyaua kabla ya kuzaa. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima ilikuwa ikivuna chini ya tani 20,000. Huko Masasi na Newala watu walipata jina la mashamba ya aina hiyo, jina ambalo hadi leo maofisa kilimo wanalitumia katika taarifa zao: mashamba pori.

Salfa iliyaokoa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilifanya kazi kubwa ya kuonyesha jinsi unga wa salfa unavyozuia ubwiriunga, na leo mlio wa mashine za kupulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, ndio saa ya kijiji kuanzia Juni. Korosho ziliporudi, zilirudi kwa kishindo. Msimu wa 2017/18 ulifikisha zaidi ya tani 310,000. Msimu wa 2024/25 mnada wa kwanza wa chama kikuu cha Tandahimba na Newala, TANECU, ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hakuna wa kuidharau salfa. Ila imetuzoesha vibaya: imetufanya tudhani kwamba mkorosho usiozaa umekosa dawa, kumbe mara nyingi umekosa jua.

Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi ya nje, yale yanayoonana na jua uso kwa uso. Ndani ya kivuli chake hauzai kitu. Sasa twende kwenye hesabu ya darasa la saba. Mti uliosimama peke yake una umbo la kuba. Uso wa kuba, kwa hesabu, ni mara mbili ya kivuli chake cha saa sita mchana. Shamba ambalo miti yake imeshikana halina makuba tena. Lina paa moja bapa, na paa bapa halina ubavu. Ushauri wa Naliendele ni kupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari. Kila mti unamiliki mita za mraba 144. Ukiupogolea ukabaki na upana wa mita 11, ukaacha mita moja ya hewa kati yake na jirani yake, kuba lake litakuwa na uso wa mita za mraba 190. Shamba lililoshikana litatoa 144 zile zile za paa, hata kama chini yake mna mashina mara mbili. Ni kweli, ubavu wa chini haupati jua sawasawa na kilele. Punguza basi, sema ongezeko ni dogo kuliko hilo. Bado unavuna zaidi kwa miti michache, na salfa inapulizwa kwenye mashina 28 badala ya 56.

Kuna faida ya pili, nayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Kuvu ya ubwiriunga huishi kwenye majani machanga. Msimu wa maua ukipita, hutafuta mahali pa kujihifadhi, na hifadhi yake ni yale machipukizi yanayoota ndani ya mti, kwenye kivuli na unyevu, wakati usio wake. Anayeyaondoa machipukizi hayo kabla ya Juni anauondoa ugonjwa kabla haujaanza safari. Mashine ya kupulizia ikifika kwenye mti uliopogolewa, unga wake unapenya. Ikifika kwenye mti uliofungamana, sehemu ya salfa inabaki juu ya majani ya nje na nyingine inaanguka chini, na watafiti waliopima udongo wa huku kusini wamekwisha kuonya kwamba salfa inayoanguka mwaka hadi mwaka inauongezea udongo uchachu. Udongo wa uwanda huu hauna akiba ya kuvumilia mambo hayo.

Basi kwa nini watu hawakati?

Kwa sababu mti wa mkorosho si mti tu. Ni urithi, ni amana, na wakati mwingine ni kesi. Katika koo za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo ulifuatwa kwa mama, mjomba alikuwa na kauli juu ya mali, na mikorosho aliyopanda baba ilizua maswali ambayo hayajaisha: ni ya watoto wake au ya wapwa zake? Mti ambao wenyewe wanaugombania, nani atautia shoka? Mjomba, watoto na wapwa, wote watajitokeza siku hiyo hiyo. Halafu kuna rehani. Mtu akibanwa na ada ya shule au matibabu, huweka mikorosho yake rehani kwa msimu au misimu kadhaa. Aliyeipokea hana sababu ya kupogolea, kwa maana atakayefaidi ni mwenye shamba. Naye mwenye shamba hana ruhusa ya kuingia na panga. Miti inakaa miaka mitatu bila mwenyewe. Na hata pale pasipo na rehani wala ugomvi, kuna ile huruma ya kawaida: kuuangusha mti aliopanda babu, wakati bado unatoa kilo zake mbili tatu, kunaonekana ni utovu wa adabu.

Kuna njia ya katikati, na inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Mkorosho mkuukuu hauhitaji kung'olewa. Hukatwa shina kwa kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, na visiki hivyo huchipua kwa nguvu, kwa sababu mizizi ni ya zamani na imekwisha kujua maji yaliko. Katika machipukizi hayo huchaguliwa machache yaliyonyooka, mengine hupunguzwa, na yaliyobaki hubebeshwa vikonyo kutoka miti mama ya aina bora za Naliendele. Mti unabaki ule ule wa babu kwa mizizi, lakini korosho ni za aina mpya, na hauchukui miaka mingi kuanza kuzaa. Tahadhari zipo mbili. Kidonda cha kisiki huwavutia wadudu wanaotoboa shina, kwa hiyo kikaguliwe mara kwa mara, na unga unaofanana na wa msumeno ukionekana ujue adui yumo. Na usikate yote mwaka mmoja. Anayekata theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwaka wa tatu, hatalala njaa akingoja.

Kuni zitakazopatikana ni nyingi. Si kuni bora. Mkorosho ni mti laini, na mkaa wake ni mwepesi ukilinganisha na wa miti ya miombo kama mtondoo. Lakini ni kuni ambazo mama hakuzifuata mbali, na gunia la mkaa wa mkorosho uliopunguzwa shambani limeuokoa mti wa porini uliochukua nusu karne kukua.

Sasa tuje nyuma ya shamba, kwenye kile kichaka.

Hapa ndipo bei nzuri ya korosho inapogeuka kuwa hatari. Kilo ikifika shilingi 4,000, kila kichaka kinaonekana kama shamba la mikorosho lililochelewa. Watu wanafyeka hadi mpakani. Ni haki yao, lakini hesabu yao ina tobo. Korosho huleta fedha kati ya Oktoba na Januari. Miezi mingine yote nyumba inaishi kwa akiba, na akiba ikiisha anakuja yule mnunuzi wa kangomba mwenye kipimo chake cha kienyeji na fedha taslimu, kununua korosho zingali ua kwa bei ya kukufuru. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotumika huku tangu msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kumfungia njia. Hakufungika, kwa sababu njaa ya Julai haingoji mnada wa Oktoba. Nyumba yenye kitu kingine cha kuuza mwezi Julai haimhitaji.

Kichaka kinacho hicho kitu kingine. Ming'oko, kwa mfano. Asiyeijua kusini atadhani ni viazi vidogo vilivyokonda. Ni mizizi ya mtambaazi wa porini wa jamii ya viazi vikuu, unaopenda udongo wa kichanga na kivuli cha vichaka. Mchimbaji huufuata mtambaazi hadi unapoingia ardhini, kisha huanza kazi ya subira, akichimbua polepole ili mzizi usikatike. Huchemshwa na chumvi, ukamenya kwa vidole huku unakula, na ukipita vituo vya mabasi vya Masasi au Mtwara utauona kwenye mabeseni ya akina mama, umepangwa kwa mafungu. Huko mjini ni kitafunio. Vijijini, mwaka wa njaa, ulikuwa chakula chenyewe. Kichaka kikishang'olewa na jua likaupiga ule mchanga, ming'oko hakuna. Na mchimbaji akiondoa mzizi mzima bila kurudishia kichwa chake, hakuna pia.

Kisha nyuki. Ua la mkorosho huchavushwa na wadudu, nyuki wakiwamo, na nyuki wanahitaji mahali pa kuishi na maua ya kula wakati mikorosho haina ua. Mizinga mitatu minne iliyotundikwa kwenye kichaka inatoa asali, na mwezi wa maua nyuki wanafanya kibarua shambani bila malipo. Kinachowaua ni viuatilifu vya kumpiga mbu wa mikorosho vinavyopulizwa mchana kweupe, saa ambayo nyuki wako kazini. Kwa huyo mbu, anayefyonza machipukizi na kuyaacha meusi kama yameunguzwa, kichaka kina dawa nyingine: maji moto. Hao ni chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa nyumba, kwa hariri inayotoka kwa mabuu wao. Utafiti uliofanywa hapa nchini umeonyesha kwamba mti wenye maji moto wengi haupati madhara makubwa ya mbu huyo. Aliyewahi kukwea mkorosho wenye maji moto atauliza, kwa haki, kama watafiti hao nao walikwea. Wanauma. Lakini korosho za kuuza huokotwa zikishaanguka, hazichumwi mtini, kwa hiyo ugomvi na maji moto si wa lazima kama inavyosemwa.

Ili kichaka kilipe bila kuisha, kirudishiwe zamu yake ya zamani. Mfano mzuri uko Kilosa, mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA walisaidia vijiji kugawa sehemu ya misitu yao katika miraba ya mita 50 kwa 50. Mraba mmoja hukatwa kwa ajili ya mkaa, unaopakana nao huachwa, na uliokatwa hupewa miaka 24 ya kuchipua kutoka visiki kabla shoka halijarudi. Mwenye ekari moja na nusu ya kichaka hana nafasi ya kungoja miaka 24, wala hahitaji, kama anachotaka ni fito na kuni. Akigawe vipande sita vya robo ekari. Kila mwaka akate kimoja, kiangazi, akiacha miti michache mirefu isimame kwa ajili ya nguzo za siku za mbele. Kisiki kikatwe chini, kwa mshazari, kwa msumeno au panga kali, kisichanike. Maji yasipotuama juu yake hakiozi. Mwaka wa pili apunguze machipukizi, kila kisiki kibaki na mawili au matatu. Mwaka wa saba anarudi kwenye kipande cha kwanza, na fito zinamngoja.

Dodoma wameiita kazi hii kisiki hai, na kampeni yake imesambaa vijijini huko miaka ya karibuni. Shinyanga walikuwa nayo zamani, kwa jina la ngitili, na mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliirudisha kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Huku Newala haina jina la kampeni, na pengine ndiyo sababu haijapata bajeti.

Kwa asiye na kichaka kabisa, na katika vijiji vya juu wako wengi, mjohoro unatosha. Hauringi, unachipua ukikatwa, na baada ya miaka mitano hadi saba unatoa miti ya kujengea na kuni. Mistari michache mpakani, upande wa upepo, si hasara kwa mkorosho ili mradi isiusogelee.

Kuhusu mpingo maneno yawe machache. Mpingo ndio uliobeba jina la wachongaji wa Kimakonde duniani, na mkoa huu wa Mtwara ndio uliomzaa George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa Kikwetu, wilayani Masasi. Lakini mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuuzwa, kwa hiyo anayeupanda anampandia mjukuu. Aliye na mti uliojiotea asiuguse kabla ya kupita kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, maana Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka kibali, na hata mbao za halali zikikutwa barabarani bila hati ya kusafirishia zitataifishwa. Pale Kilwa, kijiji cha Kikole kilijiunga na mradi wa kuhifadhi mpingo, na mwaka 2009 msitu wake ukapata ithibati ya kimataifa ya FSC ya usimamizi bora wa misitu. Mti uliokuwa ukitoka kwa bei ya kutupa ukaanza kuuzwa kijiji kikiwa mezani. Mtu mmoja mwenye mipingo miwili hawezi hayo. Kijiji kinaweza.

Umebaki moto, na moto haujali ni mti wa nani. Huku kusini kuna watu wanaowasha nyasi wakisaka panya pori, kuna wanaosafisha shamba na kwenda zao kabla moto haujazimika, na kuna wanaowasha tu. Mkorosho wenye nyasi kavu chini yake hauhitaji zaidi ya dakika chache. Njia ya kuzuia moto, upana wa hatua tano sita kuzunguka shamba na kichaka, ikwanguliwe ibaki udongo mtupu kabla ya Julai. Wanaofagia chini ya mikorosho kwa ajili ya kuokota wameshafanya nusu ya kazi hiyo.

Ratiba ya kukata basi huanzia kwenye mavuno yenyewe. Kupogolea na kupunguza miti hufanywa korosho zikishakwenda ghalani, Januari hadi kabla ya Mei, lakini mti wa kukatwa hauchaguliwi Januari. Wakati huo yote imevaa majani na yote inaonekana mizuri. Huchaguliwa Oktoba na Novemba, wakati watoto wanaokota na kila mti unatoa ulichonacho. Chokaa kidogo kwenye shina la ule uliojaza debe, alama nyingine kwenye shina la ule uliotoa vibaba, na hesabu iandikwe kwenye daftari la shule mbele ya mjomba na watoto wote, kabla uraka, ile pombe ya mabibo, haujaiva na watu hawajaanza kubishana.